Mgeni wa Saa Nane

9 Januari 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ukiacha mgongo. Wametuletea mashine mpya ya kufulia, kubwa kuliko chumba tulicholala mimi na wewe tukiwa wadogo, lakini mashuka ya hospitali yakishalowa lazima mtu ayavute kwa mikono, na mtu huyo ni mimi. Wifi yako anakusalimu sana. Picha yako bado iko juu ya kabati, na wageni wakiuliza ni nani, anawaambia huyo ndiye anayeniweza.

Sasa sikiliza. Nimepata likizo mwezi wa nne na nataka kuja. Nimekaa sana huku, sijui hata mtu akija huko siku hizi anafanya nini. Wewe uko mapokezi hapo gesti, kila siku wageni wanakuuliza waende wapi, waone nini, wakae wapi jua likizama. Niandikie na mimi hivyo hivyo. Usinicheke. Siku ni ndefu, sitaki tukae sebuleni tukitazamana kama watu waliokuja kuposa.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Kijiko


5 Februari 1988

Kijiko,

Marahaba. Sisi hatujambo. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, nadhani linakungoja. Gesti imejaa wiki nzima, watu wa semina, wanaoga maji yote kisha wanalalamika hakuna maji.

Mama hajambo, ila macho. Mtoto wa jicho ameshalimaliza la kulia, sasa anahamia la kushoto. Daktari anasema ni kazi ndogo tu, akipasuliwa ataona, ila tusichelewe. Mama amegoma. Anasema ana mtu wake wa hospitali, huyo ndiye atakayempeleka na kumshika mkono, na bila yeye haendi. Mtu huyo ni wewe. Anadhani unashika sindano. Sijamwambia unashika sabuni, na wewe miaka yote hii hukumwambia, kwa hiyo dhambi hiyo tugawane.

Umeuliza kama mgeni, nami nakujibu kama mgeni. Karibu mjini kwetu, bwana. Asubuhi mkate unatoka tanurini nyuma ya gati, uwahi kabla walimu hawajaumaliza. Ukishakula, tembea juu ya ukuta wa bandari mpaka kwenye taa, lakini vua viatu, mawe yana utelezi na hatuna bima. Pita ghalani kwa karani wa mizani. Ile mizani ya magunia bado ipo, na wageni wanapenda kupimwa. Atakupima bure, kisha atakutangaza uzito wako mpaka ng'ambo. Kodi mtumbwi uende kwenye jiwe la ndege. Jioni kaa kwenye benchi la saruji utazame watu wakishuka botini. Hiyo ndiyo sinema yetu, na haina tiketi.

Juu kilimani ndiko aliko Baba. Huko siwaandikii wageni. Hukuwepo siku tulipompeleka, basi sitakuelekeza njia kwa barua kama mtalii. Ukija tutapanda wote.

Kumbuka tu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako nimeshakutajia.

Halafu, shikamoo yangu nimeiona. Ya Mama umeisahau nje ya bahasha? "Msalimie" ni salamu ya kumpa jirani.

Dada yako


6 Machi 1988

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma wakati wa chai, nikicheka peke yangu, wenzangu wakadhani mvuke umenipanda kichwani. Huku tunaendelea. Nimehamishiwa upande wa kupiga pasi, mgongo umepata nafuu, vidole ndivyo vinavyolipa. Kuna saa kubwa ukutani na zamu zote zinaitwa kwa namba zake. Siku hizi nikisikia namba tu, miguu inakwenda yenyewe.

Nimeshakata tiketi. Nafika Jumamosi, tarehe tisa Aprili, boti inafunga gati saa nane. Msilete watu wengi. Mimi si waziri.

Hilo la hospitali tutaliongea nikifika. Si jambo la kuandika.

Msalimie Mama.

Kijiko


17 Aprili 1988

Kijiko,

Sisi wazima. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini tangu asubuhi. Nilifua mapazia, nikasugua sakafu, nikahamisha kitanda chako mbali na dirisha kwa sababu ya mbu. Mama alivaa gauni lake la bluu. Kabla ya saa nane mchana tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi la saruji, mimi na yeye, na karani wa mizani akajipenyeza katikati yetu. Boti ikafunga. Kila mwanamume aliyeteremka Mama alinifinya mkono: "Huyu?" Nikasema siye. "Huyu?" Siye. Mpaka wakashuka wapakuzi, akawauliza na wao.

Tukangoja na ya jioni.

Njiani kurudi alisema, "Pengine kazi." Baba alipokufa pia tulisema pengine kazi. Chakula tulikula wenyewe. Kilikuwa kitamu na hakuna aliyekisifu.

Kama uko hai, andika.

Dada yako


14 Mei 1988

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, pamoja na wote nyumbani, majirani, karani wa mizani, na wenzako wote wa gesti. Huku sote hatujambo, wifi yako hajambo, kazi haijambo, isipokuwa matatizo madogo madogo ya kawaida ya maisha.

Dada, nimeshindwa kukuandikia kwa aibu. Siku ya kuondoka ilipokaribia, mashine ile mpya iliharibika, mashuka yakajaa mpaka kwenye korido, na msimamizi akafuta likizo za watu wote. Nilimsihi, lakini msimamizi wetu ukimsihi ndio kwanza anakuwa mbogo. Nikajua mtanielewa, nikasema nitaandika kesho, na kesho zikawa nyingi. Nisamehe.

Mwakani, Mungu akipenda, nitakuja kweli. Nitakaa kwenye benchi hilo, nitatembea ukutani, nitaingia gesti kwako kupitia mlango wenu wa kijani na kuomba chumba chenye maji.

Msalimie Mama. Mwambie asiache kumsikiliza daktari.

Kijiko wako


11 Juni 1988

Kijiko,

Marahaba zote mbili. Sisi hatujambo. Mama amejikwaa kwenye kizingiti akachubuka goti, si kubwa. Jicho la kushoto limezidi. Siku hizi anatambua mwanga wa dirisha, na mtu akipita mbele yake anaona kivuli. Daktari amekuja mwenyewe nyumbani kumsihi. Mama akamkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia amngoje mtu wa hospitali.

Pole kwa mashine yenu.

Nikusimulie kitu. Siku ile ya tarehe tisa, mimi nikiwa nimepiga magoti nasugua sakafu, Mama alitoka asubuhi kununua mkate. Alirudi adhuhuri. Nilimgombeza, nikamwuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na mgeni. Nilikuwa na shughuli zangu, sikuuliza zaidi. Juzi karani wa mizani ndiye aliyeniambia. "Mama yako aliniletea mgeni nimpime," akasema. "Mtu mkimya. Nilimtania, hakucheka hata kidogo. Akamshika mama yako mkono wakateremka ngazi, nikasema huyu ana adabu."

Nikamwuliza Mama. Akasema ni kweli, alimkuta mgeni gatini amesimama na sanduku, hajui aende wapi, hana wa kumpokea, basi akamtembeza. Wamekula mkate ukingali moto. Wamekwenda kwenye taa, mgeni akiwa amembebea viatu. Wamepita kwenye mizani. Halafu wamepanda kilimani. Ni mji uleule niliokuandikia, Kijiko, na kilima nilichokataa kukuandikia kikaongezwa.

Sasa niambie jambo moja. Mlango wa gesti ulikuwa wa kahawia tangu tuzaliwe. Tumeupaka kijani wiki ileile ya Aprili, na rangi ilikuwa bado inanata Jumamosi. Mimi sikukuandikia habari za mlango.

Nani amekuambia?

Dada


9 Julai 1988

Dada,

Shikamoo. Sina habari za familia za kukupa, zote nitakazoandika zitakuwa za kujifichia.

Nilikuja. Mashine haikuharibika.

Tiketi yangu iliandikwa 8. Ukutani kwetu 8 ni nane, zamu ya nane, chai ya nane, mwaka nenda mwaka rudi, nikakuandikia saa nane bila hata kufikiri. Mtu mzima, nimezaliwa hapo, nimesahau kwamba kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi. Nikashuka, hakuna mtu. Nikatazama huku na huku kama kuku mgeni. Ilinijia kwamba mmekusudia. Nikasema basi, wana haki, mtu ambaye hakuja kumzika baba yake apokewe na nani? Hata sikukasirika, Dada. Niliona kama nimelipwa changu.

Nikapita mbele ya gesti nikaona mlango umefungwa, wa kijani, nikarudi gatini kungoja boti irudi. Hapo ndipo nilipomwona Mama, na mkate wake kwapani. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama. Nikafungua mdomo nimwamkie, neno likakataa kutoka. Nimekuwa nikilikwepa hata kwenye barua, umeliona mwenyewe. Nikasema, "Habari za asubuhi." Basi. Mama yangu mzazi, namwambia habari za asubuhi. Akageuza uso, nikayaona macho yake, meupe, akasema, "Nzuri. Wewe mgeni hapa?"

Nikasema ndiyo.

Neno moja hilo, na nilipolisema sikuweza kulirudisha. Nikawaza nitamwambia tukimaliza mkate. Kisha tukifika kwenye taa. Kwenye mizani karani alinitania, nikaogopa atanijua kwa sauti, sikumjibu. Mama alizungumza njia nzima. Akaniambia ana mwana, yuko hospitali kubwa huko mbali, anafika leo saa nane na boti ya mchana. "Njoo umwone," akasema. "Atafurahi kukujua." Hapo ndipo nikajua kosa la saa ni langu, na kwamba mlikuwa mnanisugulia sakafu. Ungedhani ningepiga kelele kwa furaha. Nilizidi kuwa mdogo. Mtu wa hospitali ninamjua mimi, anakunja mashuka. Na ningemwambiaje sasa kwamba nimemwacha anitembeze kama kipofu anayeongoza mwizi?

Akanipeleka kwa Baba. Akasema, "Huyu ni mume wangu." Nikakaa hapo kidogo. Kisha nikamrudisha mpaka kona ya nyumbani, nikamwambia asante kwa kunitembeza, nikapanda boti ya saa sita.

Mlipokuwa mmekaa kwenye benchi, mimi nilikuwa majini natazama upande mwingine. Nilijua mtakaa. Hilo ndilo siwezi kuliweka chini.

Usimsomee Mama barua hii. Au msomee. Mimi sistahili kuchagua.

Kijiko


13 Agosti 1988

Kijiko,

Nilikaa na barua yako mfukoni mwa sare ya kazi wiki nzima. Nilikuwa nimekuandalia matusi, mengine sikujua kama ninayo. Kisha nami nikajiuliza: mimi nafanya kazi karibu na gati, boti ya asubuhi naijua kama jina langu, najua unakoishi wanahesabu saa vingine, na haikunijia kumtuma mtu atupe jicho. Nilipenda saa nane, ilinipa nafasi ya kumaliza mapazia. Hilo nalo limenikaa kifuani. Haya.

Leo jioni nimemsomea Mama yote, hata pale pa kipofu na mwizi. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale aliposema habari za asubuhi." Nikasoma. Akacheka, Kijiko. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze chumvi:

"Mwambie mgeni wa kweli angeniamkia. Mimi ni mzee, mji mzima unaniamkia, hata walevi. Mtu ananijia, amesimama karibu hivyo, ananuka sabuni, halafu anashindwa kusema shikamoo? Huyo si mgeni. Huyo ni mtoto aliyekosea. Nilimjua hapohapo. Nikamwuliza kama ni mgeni ili aseme hapana. Akasema ndiyo. Nikasema haya, nitamtembeza mpaka achoke kuwa mgeni. Nikampeleka kwa baba yake. Nilimsikia amepiga magoti anang'oa majani. Mgeni gani anang'oa majani kwenye kaburi la mtu asiyemjua? Nikamwambia kuhusu saa nane, nikajua sasa atacheka, atasema Mama, ndiye mimi. Hakucheka."

Nikamwuliza, sasa kama alijua umeshapita, kwa nini alivaa gauni la bluu akaja kukaa nami kwenye benchi? Kwa nini alinifinya mkono kila aliposhuka mtu?

Akasema, "Nilimwacha kwenye kona, sikujua kama amepanda boti. Nikasema pengine amezunguka nyuma ya ghala, anatafuta ujasiri, saa nane atatokea kati ya watu kana kwamba ndiyo kwanza anashuka. Nilikuwa nimemwachia mlango. Nilitaka ajifanye, nami nijifanye, yaishe."

Kisha akasema hili, na ndilo lililonifanya niandike usiku huuhuu: "Mtoto wa jicho ninaye, haniachi. Mtoto wa tumbo ndiye ninayemngoja." Na kuhusu sabuni, amejua tangu siku ile. Anasema daktari hanuki hivyo.

Hospitali bado amekataa. Mwanga wa dirisha nao unaanza kumpotea.

Dada


10 Septemba 1988

Shikamoo, Mama.

Dada, msomee hiyo kwanza, peke yake, kisha unyamaze kidogo ndipo uendelee.

Mama, mimi Kijiko. Nafua mashuka. Baba alipokufa sikuzuiwa na kazi, niliogopa kuja na mikono mitupu, na siku zikapita nikawa naogopa siku hizo. Aprili niliogopa tena. Nisamehe kwa mkate, na kwa ngazi, na kwa kukuacha kwenye kona ile.

Sindano siijui. Lakini mashuka ya chumba cha upasuaji nayajua vizuri, na mkono naweza kuushika. Naomba niwe mtu wako wa hospitali hivyo hivyo.

Natarajia kufika tarehe kumi na tano Oktoba, kama mtaniruhusu. Saa mbili asubuhi, Dada. Asubuhi, mkate ukitoka.

Mwanao,
Kijiko


2 Oktoba 1988

Kijiko,

Sisi hatujambo. Paa bado linavuja. Daktari ametupa nafasi siku ya tatu baada ya wewe kufika, nimemwambia mbili za kwanza ni za mgeni.

Nilimsomea shikamoo yako nikanyamaza kama ulivyoagiza. Nikangoja aitikie nikuandikie, kalamu mkononi, nikangoja mpaka nikamwambia, Mama, nimwandikie nini?

Akasema shikamoo haiitikiwi kwa posta. Marahaba yako anayo, ameishika. Uje uichukue gatini.

Dada yako